Shika Pembe za Kule

Mchana ule Bi Kimya alipanda ngazi za kwenda juu ya paa akiwa amechoka mpaka kope alizihisi nzito. Hakuwa amechoka kwa ajili ya siku ile peke yake. Uchovu wake ulijikusanya kidogo kidogo, kama vumbi la juu ya kabati ambalo hulioni likiingia, unakuja tu kulikuta limejaa. Tangu mwenzake wa kufulia aende kujifungua, kazi ya watu wawili ilikuwa imelalia mgongo mmoja, na mgongo wenyewe haukuwa mpana.

Jina la Bi Kimya alipewa na Mama Mpishi, ambaye alisema mwanamke yule hata ukimwambia jikoni kunaungua, atakutazama kwanza aone kama umemaliza kuongea. Jina likamganda. Wageni waliolala katika nyumba ile ya wageni walimjua kwa kazi ya mikono yake tu, mashuka meupe yaliyonyooka na kunukia jua. Naye aliridhika na mpango huo. Kuzungumza na mtu asiyemjua kulimtoa jasho. Akipishana na mgeni kwenye ngazi alijibana ukutani na kapu lake mpaka mgeni apite, halafu ndipo anaijibu ile "habari za kazi", wakati aliyeuliza kashafika chini na anafungua mlango wa nje.

Sasa, shuka la kitanda kikubwa si kitu cha kukunja peke yako. Bi Kimya alikuwa amejaribu kila njia. Alilibana kwa kidevu, akalibana kwa magoti, siku nyingine akafunga upande mmoja kwenye kamba kwa vibanio akauvuta ule mwingine, vibanio vikafyatuka na kumpiga usoni. Kila alipokwenda kwa Bwana Msimamizi kuomba msaidizi, alijibiwa, "Kesho nakutumia mtu." Kesho ya Bwana Msimamizi haikuwa na mwisho. Asubuhi ile, hata hivyo, alikuja mwenyewe mpaka mlango wa chumba cha kufulia.

"Leo," alisema. "Leo hii hii. Mtu yupo, nimeongea naye kwa mdomo wangu. Atakukuta huko huko juu. Asipokuja, nikate sikio."

Mama Mpishi aliyasikia hayo kupitia dirisha la jikoni, akasema sikio lile lina nyama kidogo, halitoshi hata mchuzi wa paka.

Juu ya paa kulikuwa na sheria moja tu, na wote waliifuata, hata Bwana Msimamizi mwenye soksi zilizotoboka. Viatu vinavuliwa mlangoni. Zege lile bapa lilipigwa deki kila asubuhi, kwa sababu kamba ikilegea shuka hugusa chini, na alama ya kiatu kwenye shuka jeupe haitoki kwa kufua mara moja. Bi Kimya akavua kandambili zake, akausukuma mlango kwa bega, akaingia na kapu tupu.

Mashuka yalikuwa yakijazwa upepo. Nyuma ya majengo ya upande wa pili wa barabara wingu lilikuwa limeshapanda, jeusi chini, na hewa ilikuwa na ile harufu ya vumbi linalosubiri maji. Akapita katikati ya kamba, akigusa pindo moja moja kuona lipi limekauka. Alipolifunua shuka la kamba ya mwisho alimwona mtu.

Alikuwa mwanamume, amesimama kwenye ukingo wa paa, pale penye ukuta mfupi usiofika hata kiunoni, amempa mgongo. Alikuwa na soksi tu miguuni. Viatu vyake vyeusi vilikuwa kando yake chini ya ukuta, vimepangwa sambamba, ncha zikitazama nje.

Wewe unayesoma umeshaelewa ni kitu gani kilichompandisha mtu yule pale. Bi Kimya hakuelewa. Pengine angeelewa, ulimi ungemganda. Kwa uchovu aliokuwa nao aliona jambo moja tu, mikono miwili. Sikio la Bwana Msimamizi limepona, aliwaza. Mtu kaja. Kaja kwa kuchelewa, na badala ya kuanza kazi anatazama mji, lakini angalau kavua viatu, ingawa hakuna aliyemwonyesha pa kuviacha.

"Umechelewa," alimwambia.

Yule mtu aligeuka polepole. Alikuwa mtu wa makamo, shati lake limepigwa pasi na kufungwa vifungo mpaka cha shingoni, macho mekundu kama ya mtu aliyesahau kulala. Alimtazama Bi Kimya kana kwamba ameitwa kutoka chumba cha mbali sana.

"Nimechelewa?"

"Mvua hiyo inakuja. Haya yalitakiwa yawe chini saa hizi." Kumbe kumgombeza mfanyakazi mwenzako ni rahisi kuliko kumsalimia mgeni, na Bi Kimya mwenyewe aliishangaa sauti yake. "Halafu usisimame hapo ukingoni, shuka likikupiga na upepo utajikwaa. Njoo. Shika pembe za kule."

Akamnyooshea upande mmoja wa shuka. Yule mtu akautazama ukuta. Akalitazama shuka. Upepo ulilivuta kuelekea kwake, likawa linamgusa kifuani na kurudi, linamgusa na kurudi. Mkono wa Bi Kimya ukaanza kumuuma.

"Kaka, nina mashuka ya nyumba nzima hapa."

Akaja. Akashika pembe za kule.

Kukunja shuka watu wawili kuna namna yake. Mnasimama mbali, kila mtu na pembe mbili, mnavuta mpaka kitambaa kinalia, mnakikung'uta, mnakunja kwa urefu mara moja, tena mara ya pili. Kisha mnakaribiana, mmoja anamwendea mwenzake mpaka mikono inakutana. Anampa pembe zake, anainama kuokota mkunjo uliobaki chini, anarudi nyuma. Mtu asiyejua atakupa pembe zilizopishana, au atageuza kushoto wakati wewe unageuza kulia, na shuka litajisokota kama kamba ya kisima. Bi Kimya alijiandaa kufundisha. Hakukuwa na haja. Mtu yule alivuta pale pa kuvuta na kulegeza pale pa kulegeza, na alipomletea pembe alizileta zimelingana, vidole gumba juu.

"Huu mkono si wa kujifunza leo," alisema Bi Kimya baada ya shuka la pili kuingia kapuni. "Ulikuwa unafanya kazi wapi kabla?"

"Nyumbani. Kwa mama."

"Mama ana nyumba ya wageni?"

"Hapana." Alichukua pembe za shuka lingine bila kuambiwa. "Alikuwa mgonjwa wa kitandani. Mtu asiyeweza kujigeuza, shuka likiwa na mkunjo hata mdogo linamtoboa ngozi. Ilibidi nijue. Nilikuwa napiga pasi mpaka pindoni."

"Mimi pindoni sipigi. Nani anaona?"

"Mgongo wake ulikuwa unaona."

Wakakunja. Akajikuta, jambo ambalo halikuwa tabia yake, anataka kuuliza tena.

"Sasa anaendeleaje, mama?"

Mtu yule alikuwa akimjia na pembe mkononi. Akasimama katikati ya njia.

"Tulimzika mwezi uliopita."

"Pole, kaka."

"Nimeshapoa."

"Pole sana."

Akamalizia hatua zilizobaki, akampa pembe, akainama kuuokota mkunjo. Alikaa ameinama kwa muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyotaka. Bi Kimya akatazama pembeni kumpa nafasi, na macho yake yakaangukia vile viatu.

"Viatu vyako vitalowa," alisema, apate tu cha kusema. "Huku juu tunaviacha mlangoni. Ngoja nikusogezee."

"Viache," alisema yule mtu.

Lakini alikuwa kashafika. Aliinama, akanyoosha mkono, mkono ukabaki hewani. Ndani ya kiatu cha kushoto kulikuwa na saa ya mkononi na simu. Ndani ya cha kulia kulikuwa na ufunguo wenye kibao cha mbao kilichoandikwa namba ya chumba. Vibao vile alivijua. Wafanyakazi hawapewi vibao. Vibao ni vya wageni.

Huyu hakuwa mtu wa Bwana Msimamizi.

Akainua macho, akatazama chini barabarani kupitia juu ya ukuta. Mtu mmoja alikuwa akiosha gari kwa ndoo. Mwanamke alikuwa akifungua mwavuli mapema, akilitazama wingu. Walikuwa wadogo mno. Kila kitu alichokuwa amekiona tangu afungue mlango kikajipanga upya kichwani mwake, mgongo ule, soksi zile, ncha za viatu zikitazama nje.

Alitaka kupiga kelele. Lakini jikoni ni mbali na upepo ulikuwa mkali, na kelele ingeweza kufanya jambo lolote. Alitaka kukimbia chini kuita watu. Lakini hapo angemwacha peke yake na ukuta. Maneno yote mazuri ambayo aliwahi kusikia watu wakiambiana katika shida yalimkimbia kama kuku. Alibaki na kitu kimoja tu kichwani. Kamba ya mwisho ilikuwa bado ina mashuka machache. Yakiisha, mtu huyu hatakuwa na kitu mikononi.

Akarudi. Aliviacha viatu pale pale, akarudi huku akijifuta viganja kwenye gauni.

"Tumalizie haya," alisema, na sauti ilitoka ndogo.

Wakavuta. Wakakung'uta. Wakakunja. Shuka lilipofika mwisho Bi Kimya alilitazama, akatikisa kichwa.

"Limekaa upande. Turudie."

"Lilikuwa sawa."

"Bwana Msimamizi ana macho ya mwewe."

Mungu amsamehe, Bwana Msimamizi hakuweza kutofautisha shuka na pazia. Mtu yule akalikunjua. Wakalikunja upya. Lililofuata Bi Kimya akalidondosha pembe moja, wakaanza mwanzo. La tatu alilikunja kwa upana, jambo ambalo hata mtoto angeliona ni kosa.

"Dada," alisema yule mtu taratibu, "unafanya makusudi."

"Ndiyo."

Wakatazamana juu ya shuka. Tone la kwanza la mvua likaanguka katikati yake, likafanya doa la kijivu, kisha jingine. Bi Kimya alijua kwamba kazi ya kwanza baada ya tone la kwanza ni kukimbiza nguo. Hakukimbiza.

"Kaka, nikuulize kitu. Ukikasirika, kasirika tu." Alizikaza pembe zake. "Ulikuja huku juu kujiua?"

Neno lilipotoka alidhani paa litapasuka. Halikupasuka. Mtu yule alibaki ameshika pembe zake, na mabega yake, yaliyokuwa juu muda wote, yakateremka.

"Sikujua kama kuna mtu anapanda huku," alisema.

"Napanda kila siku."

"Ndiyo." Akazitazama pembe alizozishika. "Ndiyo. Nilikuja kwa hilo."

Bi Kimya akaitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia. Hakujua kinachofuata, kwa hiyo akasubiri. Kusubiri alikuwa anakuweza.

"Jana nilirudisha kile kiti chake cha magurudumu hospitali. Walituazima. Nilikisafisha, nikatia mafuta matairi yote. Yule aliyekipokea akasema ahsante, akakisukuma ukutani pamoja na vingine, sikujua tena kipi ni chetu. Nikatoka mikono mitupu. Nikasimama getini. Dada, sikuwa na mahali pa kuwahi. Miaka yote ile nilikuwa nawahi. Dawa, uji, kumgeuza. Nikaona siwezi kurudi nyumbani, nikachukua chumba hapa. Na kila mtu ananiambia sasa pumzika. Majirani, dada yangu, hata kinyozi. Pumzika, umefanya kazi kubwa. Mimi kupumzika sikujui. Nikilala, nashtuka nikamgeuze, nafika, kitanda kitupu."

Mvua ilikuwa ikidondoka kwa kusitasita. Wote wawili hawakusogea.

"Na siku aliyokwenda nilikuwa nimelala," aliendelea, sasa akiliambia shuka. "Mchana kweupe, kwenye kiti, pembeni yake. Kabla sijalala niliomba. Nilisema, Mungu, nimechoka, yaishe. Nikalala. Yakaisha."

Bi Kimya alihisi macho yakimjaa machozi. Alitafuta neno zuri, hakulipata, akatoa lililokuwepo.

"Mimi jana usiku niliomba niamke na homa."

Mtu yule akainua uso. "Homa? Kwa nini?"

"Nilale kitandani na mtu asinilaumu."

"Si kitu kimoja."

"Si kimoja, najua. Mgongo wangu na msiba wako si kimoja." Maneno yalikuwa yakimtoka kwa kujikwaa. "Lakini mimi nikiomba homa sitaki kuumwa. Nataka kulala. Na wewe uliposema yaishe... sidhani kama ulimtaka mama aende. Ulikuwa umechoka tu, kaka. Mtu akichoka anasema."

Mwanamume yule aliufunika uso wake kwa shuka. Alilia bila sauti kwanza, kisha kwa sauti nzito, mbaya, ya mtu asiyezoea. Bi Kimya hakujua amshike au asimshike. Hakuwa mtu wa kushika watu. Akaendelea kushikilia upande wake wa shuka, ameukaza, ili ajue kwamba upande wa pili kuna mtu.

Mtu yule alipotulia, Bi Kimya alisema, "Sikuombi uniahidi kitu. Kapu hili limejaa, mimi peke yangu siliwezi. Nishikie upande mmoja tuteremke mpaka jikoni. Kuna chai."

Mtu yule alijifuta uso kwa kiganja. Akatazama kule ukingoni. "Nichukue viatu," alisema, akapiga hatua.

"Kaa hapo," alisema Bi Kimya. "Hapo hapo."

Alikwenda yeye. Alivibeba pamoja na vilivyokuwemo ndani, akarudi, na bila kufikiri mara mbili akaviweka kapuni, juu ya mashuka meupe yaliyokunjwa. Mtu yule, mtoto wa mama aliyeijua thamani ya shuka safi, alishtuka.

"Dada, utayachafua."

"Yatafuliwa. Shika."

Wakaliinua kapu, kila mtu na kishikio chake. Nyuma yao mashuka mawili yaliyobaki kwenye kamba ya mwisho yalianza kulowa. Bi Kimya aliusukuma mlango kwa mguu, akatangulia kuteremka kinyumenyume, uso wake ukimtazama yule mtu. "Kona," alisema. "Taratibu, hapa pana ngazi iliyomeguka. Kona tena." Hakuwahi kuongea maneno mengi hivyo katika ngazi zile tangu aajiriwe.

Mama Mpishi alikuwa akichambua mchele alipowaona mlangoni. "Haya," alisema. "Bi Kimya wetu leo kaja na mwanamume. Niandae shela?" Alicheka peke yake, halafu akaona uso wa yule mtu, kisha akaviona viatu juu ya mashuka. Kicheko kikakatika. Alimjua Bi Kimya. Mwanamke yule angeviweka viatu juu ya meza ya chakula kabla hajaviweka juu ya shuka lililofuliwa.

"Kaa hapa, baba," alisema Mama Mpishi kwa sauti nyingine kabisa, akamvutia kiti karibu na jiko. "Umelowa. Shika kikombe kwa mikono yote miwili, hivyo. Usinywe kama huwezi. Shika tu."

Bi Kimya alimnong'oneza Mama Mpishi mambo mawili matatu. Mpishi akaenda kukaa kwenye kigoda kati ya yule mtu na mlango, akaendelea kuchambua mchele wake kama hana haraka na dunia.

Hapo ndipo Bwana Msimamizi alipoingia, anajifuta mvua kipara. "Bi Kimya, niwie radhi, yule mtu kapiga simu hatakuja, anasema mjomba wake... Huyu nani? Huyu si mgeni? Wageni hawaruhusiwi jikoni."

"Bwana Msimamizi," alisema Mama Mpishi bila kuinua macho, "ile habari ya sikio vipi? Kisu ninacho hapa."

Bwana Msimamizi aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu wa kesho. Akalishika sikio lake, akatoka, na baada ya muda akarudi na blanketi, akaliweka juu ya mabega ya mgeni.

"Nani wako tumpigie?" Bi Kimya alimuuliza yule mtu.

"Msimsumbue mtu."

"Nitamsumbua tu. Bora umchague mwenyewe."

Alikaa sana na simu mkononi. Kisha akabonyeza, akampa. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa "Dada Mkubwa." Bi Kimya aliyeogopa simu kuliko mbwa aliiweka sikioni.

"Wewe, tangu jana hupokei, uko wapi?" ilisema sauti.

"Si yeye, dada. Mimi ni dobi wa nyumba ya wageni, nyuma ya hospitali. Ndugu yako yuko hapa jikoni na sisi. Ni mzima." Alivuta pumzi. "Lakini hayuko sawa. Alipanda juu ya paa. Asilale peke yake leo."

"Msimwache atoke," ilisema ile sauti, ikiwa imepungua kabisa.

"Hatoki. Yuko na Mama Mpishi."

Dada Mkubwa alifika mvua ikiwa imeshika, kanga begani kaivaa ndani nje na miguuni ana kandambili za mume wake. Alikuwa mwanamke mnene, na pale mlangoni alionekana anatafuta pa kuanzia kugomba. Hakugomba. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya mdogo wake magoti yakigusana.

"Tulikuwa wote juzi," alisema. "Mbona hukusema?"

"Mlisema nipumzike."

Dada yake alipokea jibu hilo kama mtu aliyepigwa kofi na anajua kwa nini. Akamfunga vizuri lile blanketi. "Sasa tunakwenda hospitali. Si kwa ajili ya mtu mwingine, kwa ajili yako. Kuna daktari wa mambo haya."

"Foleni yao ndefu."

"Miguu yangu minene, nitakaa."

Mtu yule alivaa viatu vyake polepole. Alifunga kamba, akafungua, akafunga tena vizuri. Aliposimama aliliona shuka la juu kabisa kapuni, na alama mbili za tope zilizobaki juu yake.

"Nimelichafua kweli," alisema.

"Nimekwambia, litafuliwa."

Mlangoni aligeuka. "Kesho nani atakushikia pembe za kule?"

"Sijui," alisema Bi Kimya, na aibu yake yote ilikuwa imerudi, akawa anaongea na sakafu. "Wamesema kesho atakuja mtu."

Hakusema atarudi, wala hakuulizwa. Dada yake alimshika mkono, si kwa mapenzi tu, bali kwa kukaza, kama unavyomshika mtoto barabarani, wakaondoka chini ya mwavuli mmoja.

Bi Kimya alibaki amesimama. Kisha akakumbuka mashuka mawili ya kamba ya mwisho, akachukua karai, akapanda. Mvua ilikuwa imepungua na kuwa manyunyu. Mashuka yalikuwa yamening'inia mazito mpaka chini, yanachuruzika. Ya kufuliwa upya, ya kuanikwa upya. Aliondoa kibanio cha kwanza. Hapo ikabidi aishike kamba asianguke.

Mlango ulilia nyuma yake. Mama Mpishi, ambaye miaka yote aliapa kwamba ngazi zile atazipanda akiwa maiti tu, alikuwa amesimama pale anahema kama mashine mbovu, peku, viatu vyake kaviacha mlangoni.

"Yaani hapa ndipo unapopanda kila siku," alisema alipopata pumzi. "Na mimi nilidhani huongei kwa maringo. Kumbe ni pumzi." Akamtazama vizuri, akaacha utani. Akaja polepole, akasimama upande wa pili wa shuka. "Nipe. Nishike wapi?"

"Pembe za kule," alisema Bi Kimya.

Wakalikamata shuka lile zito, wakaanza kulikamua, mmoja akisokota kushoto, mwingine kulia, maji yakiwamwagikia miguuni.

"Ulimwambia nini?" aliuliza Mama Mpishi. "Wewe ambaye hata mimi sijawahi kukusikia ukisema maneno kumi. Ulianza na nini?"

Bi Kimya alifikiri. Alikuwa amechoka kuliko asubuhi, kuliko siku yoyote aliyoikumbuka, na kesho ilikuwa inamsubiri na mashuka yake.

"Nilimwambia amechelewa," alisema.

Mama Mpishi aliacha kusokota, akamkodolea macho. Kisha akatikisa kichwa, akazishika pembe zake upya.

"Haya," alisema. "Vuta."